Mwalimu wa Majina ya Ndani

Sitasema alizaliwa wapi, wala ni mutoto wa nani. Muji yetu ilikufa nusu juu ya maulizo hayo mawili. Wakati wa vita walikuwa wanafunga kamba barabarani, wanakuuliza: unatoka wapi, jina ya baba yako ni nani? Na jibu lako ndilo lilikuwa linaamua kama utavuka. Basi mimi hapa ninavuka bila kujibu. Jina lake ninalijua. Mimi majina sisahau: wale tuliobatizwa siku moja ninawakumbuka wote, walio hai na waliokufa, na hata mbuzi za baba ninazikumbuka kwa majina. Lakini nikitaja jina la huyu mama, mutu wa Ituri atajua mara moja ni wa upande gani, na kuanzia hapo hatasikiliza tena, atakuwa anapima. Kwa hiyo nitamuita vile kartie yetu, mutaa wa Mbunya hapa Bunia, ilivyomuita: Mwalimu.

Kitu cha kwanza watu walijua juu yake ni hodi. Mwalimu alikuwa haingii mahali bila hodi, na ukichelewa kumujibu anasimama. Siku moja nilikuwa naye tunapita kwa Mama Angaika, jirani yetu. Nyumba ya Mama Angaika ilikuwa imechomwa. Ilibaki ukuta moja na fremu ya mulango, mulango wenyewe hakuna. Mama Angaika anapika pale ndani, tunamuona, na yeye anatuona. Mwalimu akasimama mbele ya fremu.

“Hodi.”

“Mwalimu, si unaniona? Pita, hata ukuta hakuna!”

“Ninakuona. Lakini haujanikaribisha.”

“Karibu basi, mwanamuke wa mateso!”

Ndipo akapitisha mguu.

Sasa mutu huyo huyo, kwangu alikuwa anaingia kama paka. Alikuwa amepanga kanyumba kangu ka nyuma, na jikoni iko katikati ya nyumba mbili. Asubuhi unasikia mulango wa jikoni unafunguka, hakuna hodi, hakuna jambo, na mukono wake uko juu ya sufuria. “Mama, sombe hii imekosa chumvi.”

“Weye unafundisha watu hodi, na kwangu unaingia hivi?”

“Kwako niko mutu wa ndani.”

“Nani alikuambia?”

“Sufuria yako.”

Na ni kweli kwamba sombe yenyewe mara nyingi ilikuwa ya kwake. Oridinateri yake, ile mashini ya kompyuta, alikuwa anaibeba mu beseni, imefungwa na kitenge, na juu yake anapanga majani ya sombe, yale ya mihogo, sababu wezi walikuwa mingi na hakuna mwizi anayekimbia na sombe. Jioni oridinateri inarudi nyumbani na majani yanaingia mu sufuria. Siku akibeba lengalenga, tulikula lengalenga.

Alikuwa murefu, mukonda, amevaa shati za kiume, na kipande cha chaki nyuma ya sikio. Kuimba hakujua. Korali ya kanisa ilimutoa kwa heshima, pastere mwenyewe alikuja kumuambia. Akasema asante, pastere, na Jumamosi ilipofika akaenda tena ku repetisio, mazoezi yao, akakaa nyuma kabisa, mudomo umefunga, mpaka mwisho. Aliendelea hivyo muda wote aliokaa Mbunya. Walizoea. Mara moja nilimuuliza anafuata nini kule. “Wamenikataza kuimba,” akasema. “Kusikia hawajanikataza.”

Alikuwa anafundisha oridinateri ku shule moja ya muji. Wakimbizi wa Djugu walipojaa, vyumba vya shule vikawa nyumba zao, na Mwalimu akaleta wanafunzi wake ku barza yangu. Ndivyo mimi, niliyeacha masomo primere sababu ya kubeba wadogo zangu mugongoni, nikasikia masomo yake miaka mingi, huku ninachambua maharagi. Wanafunzi wenyewe hawakuwa watoto. Kulikuwa na Safari, baba wa mapacha, alikuwa motari, wa kubeba watu ku pikipiki, mbele ya kuingia mu mambo ya mashini. Musemaji sana, mucheko wake unasikilika mpaka ku fontene ya mayi.

Somo moja ninaweza kulirudilia mpaka leo. Mwalimu alisema programe, ile kazi unayoandikia mashini, hauandiki yote weye mwenyewe. Kuna watu mbali walikwisha andika sehemu kubwa na wanakupa bure. Kifurushi hicho kinaitwa bibliyoteke, lakini usitafute kitabu humo. Ndani mwake kuna kazi, kila kazi na jina lake. Unaita jina, kazi inafanyika. Na majina iko aina mbili. Kuna yale wenyewe walitangazia wageni: waliyaandika mu maelezo, na waliahidi kwamba hata wakijenga nyumba yao upya, majina hayo yatabaki. Na kuna yale waliyojiwekea wao kwa wao, ya kazi zao za jikoni. Hayo mara nyingi wanayatilia kamusitari mbele, pale chini, alama ya kusema: hii si ya wageni.

Safari akainua mukono. “Na nikiita jina ya ndani, mashini itanikataza?”

“Hapana. Itaitika.”

“Sasa shida iko wapi, Mwalimu? Mutu ukimuita na anaitika, si amekubali?”

“Mulevi pia anaitika.”

Barza yote ikacheka, na Safari alicheka kuliko wote. Mwalimu akangoja wamalize.

“Kuitika si kuahidi, Safari. Leo jina liko pale. Kesho wenye nyumba wanageuza jikoni yao. Hawatakutumia habari, sababu hawajui kama weye ulikuwa unapitaka mule. Programe yako inaanguka, na utawatukana bure.”

“Lakini kama mulango ya mbele iko mufinyu?”

“Piga hodi. Omba wapanue.”

“Na wasipojibu?”

“Piga tena.”

Kuitika si kuahidi: hiyo ilikuwa mezali yake, na kartie yote iliichukua. Vijana walikuwa wanaambiana hivyo juu ya wasichana. Mimi nilielewa siku ya njia ya fontene. Sote tulikuwa tunapita mu parsele ya Mama Angaika, kiwanja chake, kwenda kuchota mayi, sababu barabara yenyewe inazunguka sana. Miaka na miaka. Hakutukataza, hakutukaribisha. Asubuhi moja tunafika na bidoni zetu, njia hakuna: Mama Angaika amechimba choo pale katikati. Wanawake wakalia juu yake. “Umefunga barabara yetu!”

“Barabara ya nani?” Mama Angaika akasema, mikono ku kiuno. “Ni nani kati yenu nilimuambia apite hapa? Sema jina!”

Wanawake wakageuza bidoni zao. Mwalimu, na bidoni yake mukononi, alimushika Mama Angaika mukono kama vile amepata diplome. Kisha akazunguka na barabara kama sisi sote. Jioni, ku barza, alichora choo hicho ku tablo na chaki. Wanafunzi waliandika.

Hasira yake ilikuwa na mahali pake. Wanafunzi hakuwahi kuwapigia kelele. Mashini ndiyo alikuwa anaipigia, na hapo anatumia luga ya mama yake, na ni mu jikoni yangu tu, mulango umefungwa, sababu luga nayo inasema mutu ni wa wapi. Ni mu jikoni hiyo pia aliniambia jina lake la nyumbani, lile mama yake alikuwa anamuita, lisilo ku karte ya elektere, ile ya wapiga kura. Tulikuwa tunamenya mihogo. “Hiyo ni ya ndani, Mama,” akasema. “Usiniite nayo ku barabara.” Sikumuita nayo ku barabara, na hata jikoni sikulitumia. Nililiweka tu.

Sasa vita. Ile ya kwanza, muji ilipogawanyika, tulikuwa tunapata habari kwa masikio: unasikia mulio, unakimbia upande mwingine. Djugu ilipowaka tena nyuma ya miaka, vita ilitukuta na telefone mukononi. Wanawake wa Mbunya wengi walikuwa wanafuata samaki upande wa ziwa, na njia yao inapita Bogoro. Leo njia iko wazi, kesho imefungwa, na mutu anajua tu akishafika pale pabaya. Zawadi, mutoto wangu wa mwisho, alikuwa mumoja wao. Mimi nilikuwa ninauza chai na mikate ku parkingi ya motari wanapotokea. Kila mama aliyetoka nilimujua: ametoka nyuma ya nani, ku pikipiki ya nani, na beseni ya rangi gani.

Mwalimu akaandika programe, akaiita Njia Leo. Mutu aliye Bogoro akiona mambo mabaya anatuma messaji ku nambari ya Mwalimu. Mwingine wa kule akisema vilevile, oridinateri yenyewe inatumia wanawake wote habari: usipite, rudi. Ukitoka Bunia, mu bonde telefone haipati kitu. Lakini mbele ya Bogoro kuna kilima, na pale juu messaji zote zilizokuwa zinakungoja zinaingia pamoja. Motari walikuwa na desturi ya kusimama kilimani, wanawake wanasoma, wanaamua: mbele au nyuma. Kilima hicho kilirudisha watu wengi nyumbani.

Tulipokuwa wachache, kazi ilienda. Kisha wakaingia wanawake wa soko kubwa, na wa njia ya Nyankunde, na wengine. Ile bibliyoteke ya kutuma messaji ilikuwa na jina moja tu la mbele, na jina hilo linatuma messaji moja, linangoja, ndipo linatuma ingine. Mutu wa nyuma anapata habari chai imekwisha poa. Lakini ndani, na kamusitari mbele, kulikuwa na jina ingine, linabeba messaji zote mara moja.

Alikuja jikoni, akakaa ku kibao, hakufunua sufuria. Nikajua kuna jambo.

“Mama, nitaingia kwa jikoni ya batu.”

“Weye?”

“Miye.”

“Na ile ya kuitika si kuahidi?”

“Ninaijua, Mama. Niliitunga miye.”

“Basi?”

“Basi batu wako ku barabara.”

Akafanya. Lakini alifanya kama mutu anayeweka petroli mu nyumba. Jina hilo aliliita mahali pamoja tu mu programe yote, na juu yake akaandika kwa Kifaransa na kwa Kiswahili kwamba hapa tumeingia kwa jikoni, mutu asiweke bibliyoteke mupya bila yeye. Aliwaambia wanafunzi ku barza. Safari peke yake hakuwapo, alikuwa amekwenda kilio ya mukwe wake. Na aliwaandikia wenye bibliyoteke, kule waliko, awaombe waweke jina la mbele la kazi hiyo. Hawakujibu.

Programe ikaruka. Telefone zetu zilikuwa zinalia pamoja soko zima, kama kuku wameona mwewe.

Hapa muelewe kitu cha Bunia. Koneksio ya internet kwetu ilikuwa kama mvua ya kiangazi. Ikinyesha, hauulizi unahitaji mayi gani; unatoa mapipa, sufuria, hata kikombe, unajaza. Siku moja sentre fulani ikafungua koneksio yake kwa vijana wote, bure. Mwalimu alikuwa amelala na malaria. Safari akabeba beseni na sombe juu, akaenda, akajaza. Kila kitu ndani ya oridinateri akakibadilisha kwa kipya, bila kubakisha. Alirudi anaimba.

“Mwalimu, nimejaza yote! Hakuna kitu cha zamani mule!”

Mwalimu, na homa yake, akasema aksanti, akageukia ukuta.

Kesho yake asubuhi nilirudi kutoka parkingi nikamukuta jikoni, blanketi ku mabega, anakunywa uji. Oridinateri iko juu ya gunia ya mahindi. Zawadi alikuwa ametoka wa mwisho siku hiyo, sababu alirudi nyumbani kutafuta beseni yake. Ninaweka kuni, ninasikia ule mulio mudogo mashini inafanya messaji ikiingia. Kisha mulio wa pili. Mwalimu akaangalia telefone yangu, iko kando ya moto. Haikulia. Akaiangalia tena.

“Mama, telefone yako iko na kura, iko na chaji?”

“Iko.”

Kikombe kikaanguka. Messaji za Bogoro zilikuwa zinasema watu wa bunduki wameingia njiani, wanapiga. Na chini yake mashini ilikuwa imeandika kwa rangi nyekundu kwamba ile jina imeitwa, haijulikani. Wenye bibliyoteke walikuwa wamegeuza jikoni yao.

Kumupigia Zawadi haisaidii. Amekwisha shuka mu bonde. Safari, aliyekuwa amefika kwa masomo, akanyang'anya telefone yangu amuandikie. Unite, pesa ya kutumia messaji, hakuna: telefone yangu ilikuwa ya kupokea tu, na yake pia ilikuwa kavu. Akapiga kelele: “Rudisha ile ya zamani, Mwalimu!”

“Na koneksio gani?”

Mwalimu alikuwa amekwisha anza kufuta. Alitoa lile jina la ndani, akaweka la mbele. “Nenda tafuta unite,” akamuambia Safari, na Safari akatoka mbio. Kisha akanigeukia.

“Mama. Kwa mulango ya mbele zinatoka moja moja. Siwezi kuwatumia wote mara moja. Ni nani wametoka leo kwa Bogoro? Niambie vile walitoka.”

“Zawadi,” nikasema.

“Alitoka wa kwanza?”

Nilisukuma kuni ndani ya moto.

“Mama, aliyetoka mbele njo anafika kilimani mbele. Alitoka wa kwanza?”

Mikono yake ilikuwa juu ya mashini, haigusi kitu. Mutu niliyemulisha. Mutu ambaye Zawadi alikuwa anamufulia nguo za homa. Nilimuangalia, na yeye aliniangalia, na hakuandika.

“Mama Solange alitoka wa kwanza,” nikasema. “Jua bado.”

Akaandika Mama Solange. Nikamutajia aliyemufuata, na aliyemufuata huyo, na huyo, vile walivyokunywa chai yangu. Kati ya jina na jina mashini inangoja, na siye tunangoja nayo. Zawadi nilimutaja wa mwisho. Mwalimu aliandika jina hilo kwa upole sana, lakini aliliandika mahali pake.

Nyuma ya saa sita Zawadi akaingia mu parsele, beseni tupu kichwani, vumbi mpaka ku kope. Walirudi wote waliosomea kilimani. Mama Solange alikuwa amekwisha pita kilima. Yeye hakurudi, na motari wake hakurudi.

Kama messaji ingetoka mara ileile ilipoingia, ingemukuta juu ya kilima. Pengine. Watu walitaka kumupa Mwalimu neno hilo, pengine, pengine, na yeye hakulichukua.

Waliyemutafuta ni Safari. Ku kilio ya Mama Solange vijana wa ukoo wake walikuwa wanasema waziwazi: ni yule mwenye kujaza mashini, akipita hapa tutamuonyesha. Mwalimu akaondoka Mbunya na miguu yake ya homa mpaka ku parsele ya Mama Solange, na mimi nyuma yake. Akasimama mbele ya lupango, ua wa nyumba.

“Hodi.”

Watu wamejaa, wanamuona. Hakuna aliyejibu. Akasimama. Jua likamupiga, kisha mvua ikamupiga, na siye tuliokuja naye tulikwenda kujificha chini ya mabati ya jirani. Mara kwa mara unasikia sauti yake ku mvua: hodi. Mwisho mama muzazi wa Mama Solange, bibi kizee kuliko mimi, akasema kutoka ndani: “Mumuache apite. Karibu.”

Aliingia, akapiga magoti ku matope, akasema mbele ya wote: “Safari alijaza mayi mu pipa. Miye njo nilitoboa pipa. Niliita jina yenye haikuwa ya kwangu, na nilijua.”

Bibi akamuuliza: “Uliita sababu gani?”

“Ili habari ifike mbio.”

“Ilifika?”

“Ilifikaka siku mingi, Mama. Ile siku haikufika.”

Bibi akaweka mukono ku shavu. Kisha akasema: “Mutoto wangu hawezi kurudi. Wengine wako ku barabara. Fanya ifike.”

“Nitafanya.”

Na vijana walisikia, na Safari hakuguswa.

Alifanya. Homa haijaisha vizuri, barza ikajaa tena. Programe yote aliiandika upya kwa majina ya mbele tu. Ku kila parkingi akaweka mama mumoja muuza chai au muuza kwanga, mikate ya mihogo, kazi yake kusema nani ametoka mbele ya nani. Na programe ikawa inatumia habari kwanza wale walio karibu na ubaya, sio wote kwa fujo. Safari ndiye aliiandika sehemu hiyo, na Mwalimu hakumusahihisha hata mahali pamoja. Kila siku ya koneksio aliwaandikia tena wenye bibliyoteke. Safari alimuambia hawa watu hawasikii. “Nilisimama ku mvua,” akamujibu.

Lakini jikoni yangu hakuingia tena. Asubuhi yake ya kwanza nyuma ya kilio nilisikia ku mulango wa mbele: “Hodi, Mama.” Nilijibu karibu, sikusimama. Sikuwa nimemusamehe zile mikono zilizongoja. Zawadi yuko hai, nilijua ni kwa mupango ule ule, na bado nilikuwa naona mikono. Zawadi alinisema: “Mama, angeanza na miye, wengine ungewaambia nini ku parkingi?” Nilimuambia afue nguo. Mwalimu akakaa ku kiti cha wageni, akauliza habari yangu, akaondoka. Hivyo mpaka alipohama kwenda kufundisha upande wa Nyankunde. Siku ya kuhama alipitia mbele.

Miaka ikapita. Magoti yangu yalikwisha, parkingi nikamuachia Zawadi, na bado anatuma majina kila asubuhi, aliyetoka mbele na aliyefuata.

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa jikoni na maharagi yangu, nikasikia ku mulango wa mbele: “Hodi.” Ile sauti isiyojua kuimba. Nikatoka mpaka salo ya wageni, nikamuona kupitia dirisha. Nywele nyeupe zote. Shati ya kiume. Beseni mukononi, na sombe juu.

“Mama, ninakuona,” akasema. “Nilikuja kukuambia. Wamenijibu.”

“Nani?”

“Wenye bibliyoteke. Wameweka mulango ya mbele. Jina ya wageni, bila kamusitari, imeandikwa mu maelezo. Mutu anaweza kutuma zote pamoja, na wameahidi.”

“Walikuandikia hivyo?”

“Walisema tuliomba sana.” Akacheka kidogo. “Bibi wa Solange alikwisha kufa, nimetoka ku kaburi lake, nimemuambia.”

“Na ile ya kuuliza nani ametoka wa kwanza?”

“Hiyo ilibakia, Mama. Hata na mulango mukubwa, wa mbele njo anapata mbele.”

Mvua ilikuwa imeanza. Angebakia pale, ninamujua, mpaka mvua iishe na jua lirudi, sababu nilikuwa bado sijasema karibu. Na mimi sikusema karibu. Niliacha ule mulango wa mbele umefungwa vile ulivyo, nikarudi jikoni na magoti yangu, nikafungua mulango wa jikoni mpaka ukagonga ukuta. Nikafunua sufuria. Kisha nikamuita kwa sauti, parsele yote isikie, na barabara kama inasikia isikie: sikusema Mwalimu. Nilimuita lile jina la mama yake.

Akaitika.